Soksi ya Bomba la Tatu

Sehemu ya Saba

Mkono uliomkamata Pua kifundo cha mguu haukuwa wa jini wala wa mwizi, kwa hiyo nyote mlionisimamisha njiani wiki nzima mkiniuliza, pumueni. Ulikuwa mkono wa Meneja.

"Shemeji! Toka humo!"

Tulimwacha Pua amelala kifudifudi kwenye sakafu ya kituo cha mafuta, kichwa na mabega ndani ya shimo la mabomba, tochi mdomoni, sehemu iliyobaki ya mwili ikiwa juu mbele ya wateja. Ilikuwa saa saba mchana na jua linachoma. Alikuwa amefunua mfuniko bila ruhusa ya mtu, na sababu ya kufanya hivyo hakuwa tayari kumwambia mtu.

Akajirudisha nyuma kwa magoti, akaketi. Tochi ilimponyoka, ikaangukia shimoni.

"Nani kakuruhusu?" Meneja aliuliza kwa sauti ya chini, maana kulikuwa na lori linajaza dizeli pampu namba moja na gari dogo linajaza petroli pampu namba nne.

"Nilitaka kuangalia tu."

"Kuangalia nini? Jumatano nilikuita. Ukaja, ukanusa, ukasema hakuna. Leo Jumamosi unarudi kwa kunyemelea. Kuna nini?"

Pua alijifuta jasho kwa mkono wa ovaroli, akaacha alama nyeusi kwenye paji la uso.

Ngoja niwape habari wale waliochelewa, kisha tuendelee, maana leo hatuna muda wa kupoteza.

Meneja amemuoa mdogo wake Pua. Huyo mdogo mtu ni Dobi, ana duka la kufulia nguo lililoshikana na kituo, ukuta kwa ukuta. Ana mimba ya miezi saba, iliyokuja baada ya miaka sita ya kusubiri, ya kwanza kufika hata miezi minne. Kwa wiki mbili Dobi amekuwa akilalamika kwamba duka linanuka petroli. Wateja wamerudisha mashuka. Mumewe akaenda kwenye kile kisanduku cha ofisini kinacholinda mabomba, akakuta taa ya kijani inawaka, akarudi na jibu lake: mjamzito hunusa hata visivyokuwepo.

Lakini anampenda mkewe, hilo simnyimi. Akamwita Pua.

Na Pua ni nani? Ni fundi wa matangi na mabomba, miaka ishirini kazini. Zamani angesimama getini tu akakwambia, pampu yako ya pili inavuja, na ni dizeli. Mafundi wenzake walimpa jina hilo, likamganda mpaka kadi za harusi yake ziliandikwa Pua, na bwana harusi hakulalamika.

Siku ya Jumatano alisimama katikati ya duka la mdogo wake, akafumba macho, akavuta pumzi mara tatu kama mganga. Kisha akasema, "Hakuna. Ni sabuni zako hizo. Rudi kazini." Dobi akacheka kwa kuona amepata amani, akauchukua mkono wa dada yake akauweka tumboni, na mtoto akampiga Pua teke la kiganjani hadi wote wawili wakaguna.

Sasa siri ambayo wasomaji wangu wa zamani mnaijua, na ambayo Meneja na Dobi hawakuijua: pua ya Pua imekufa. Homa moja mbaya miezi minane iliyopita iliondoka na uwezo wake wote wa kunusa, na haikurudisha hata chembe. Vitunguu, kinyesi cha paka, maziwa yaliyochacha, kwake vyote ni hewa. Anapika kwa kukisia. Hakumwambia mtu, kwa sababu fundi anayeitwa Pua asiye na pua ni kichekesho cha mji mzima, na nani atamwita kazini?

Alikuwa amenunua kwa siri kifaa cha kupima gesi, akakificha kwenye kopo la chakula. Lakini Jumatano, mbele ya shemeji yake, aliona haya kukitoa. Akavuta pumzi tatu za bure na akadanganya.

Tangu siku hiyo hajalala vizuri. Sasa mnajua kwa nini kichwa chake kilikuwa shimoni.

"Shimo umeliona?" Meneja akauliza.

"Nimeliona."

"Lina nini?"

"Kavu."

"Tone?"

"Hata tone."

Meneja akafungua mikono yake miwili kama mtu aliyeshinda kesi. "Wewe mwenyewe ndiye uliyenifundisha, shemeji. Bomba la mafuta limepita ndani ya bomba jingine, kama mkono ndani ya mkono wa shati. La ndani likitoboka, la nje linadaka. Limelazwa kwa mteremko, kwa hiyo kinachodakwa kinatiririka mpaka kwenye shimo hili. Hapa kuna boya. Boya likiinuka, king'ora ofisini kitalia mpaka majirani watukane. Sawa au si sawa?"

"Sawa."

"Boya limeinuka?"

"Halijainuka."

"Basi funika shimo, uje unywe maji baridi. Na umwambie mdogo wako kwa mara ya pili kwamba hakuna kitu, maana mimi hanisikii."

Alisema kweli tupu. Kila neno lilikuwa sahihi. Pua alijisikia mwepesi kwa mara ya kwanza tangu Jumatano. Kumbe hakudanganya! Kumbe alisema hakuna, na kweli hakuna! Alikuwa karibu kucheka.

"Ngoja nichukue tochi yangu," akasema.

Na hapo ndipo balaa lilipomsubiri.

Alilala tena kifudifudi, akanyoosha mkono mpaka chini. Tochi ilikuwa imeangukia pembeni, mwanga wake ukimulika kutoka chini kwenda juu, mahali ambapo yeye, akitazama kutoka juu, hakuwa amepaona. Mabomba matatu yalikuwa yakiingilia ukutani mwa shimo. Kwenye mdomo wa kila bomba la nje kuna mpira unaofunika nafasi iliyo kati ya bomba la nje na la ndani. Mafundi huuita soksi. Soksi ya kwanza ilikuwa imeshuka, imelegea. Ya pili vilevile, imelegea kama soksi ya mtoto jioni.

Ya tatu ilikuwa imebana.

Pua aliishika. Ilikuwa imevimba na ngumu kama mpira uliojazwa upepo. Kiuno chake kilikuwa kimekazwa kwa klipu ya chuma, na juu ya klipu palikuwa na doa dogo jekundu la rangi ya kucha.

Akalisugua doa kwa kidole gumba. Halikutoka.

Rangi ile aliijua. Vifaa vyake vyote alivipaka rangi ya kucha ili mafundi wenzake wasimwibie. Klipu hiyo aliitafuta mwaka jana mpaka akachoka. Alimshika koo fundi mmoja kwa ajili yake, akamwita mwizi mbele ya watu, na mpaka leo hawasalimiani.

Miezi kumi na moja iliyopita alikuja hapa kupima mabomba ya nje. Kazi yenyewe hufanywa hivi: unavuta soksi juu, unaikaza kwa klipu, unajaza upepo kwenye ile nafasi kati ya mabomba mawili, kisha unakaa saa nzima unatazama sindano ya geji. Sindano isiposogea, bomba ni zima. Ukimaliza, unatoa upepo, unalegeza klipu na kushusha soksi, ili siku mafuta yakivuja yapate njia ya kufika shimoni. Usipoishusha, umemziba mdomo mlinzi wako mwenyewe.

Bomba la kwanza alimaliza, akashusha soksi. La pili akashusha. La tatu sindano ilisimama wima saa nzima. Akatoa upepo, akaandika "limefaulu," akatia sahihi. Mkono ulikuwa unakwenda kwenye bisibisi simu ilipolia.

Alikuwa Dobi, analia. "Dada, mama kaanguka jikoni."

Pua alitupia vifaa ndani ya mfuko, akatoka nduki. Mama yao alifariki kesho yake alfajiri. Msiba ukapita, kazi zikaendelea, na soksi ya tatu ikabaki na klipu yake kiunoni, gizani, chini ya mfuniko, miezi kumi na moja. Hakuna aliyeshuka kuangalia, kwa sababu karatasi ilisema limefaulu na taa ilikuwa ya kijani.

"Shemeji," alisema kutoka shimoni, na sauti yake mwenyewe aliisikia kama ya mtu mwingine. "Zima pampu zote."

"Nini?"

"Zima pampu. Zote. Sasa hivi."

"Kuna watu wanajaza! Taa ni ya kijani, shimo kavu, wewe mwenyewe umesema!"

"Shimo ni kavu kwa sababu nimelizibia mimi."

Meneja hakuelewa. Alifikiri jua limempanda shemeji yake kichwani, akamshika bega kumwinua. Pua akaona maneno yatachukua muda mrefu kuliko bisibisi. Akailegeza klipu nusu mzunguko.

Petroli ikamrukia kifuani.

Haikudondoka, iliruka! Mkondo wa unene wa kidole, baridi, ukampiga kifuani, ukamtambaa shingoni na kidevuni, ukaanza kujaa shimoni. Boya likainuka. Na kule ofisini, king'ora ambacho hakikuwahi kulia tangu kituo kijengwe kikapasua hewa.

Meneja alitoka mbio kama mtu aliyemwagiwa maji ya moto. Alikipiga kitufe chekundu kwa ngumi. Pampu zikazima. Dereva wa lori akapiga kelele, mhudumu wa pampu akaanza kuwafukuza watu, magari yakisukumwa kwa mikono ili injini zisiwashwe, na mkondo ule wa shimoni ukapungua, ukawa wa kuchuruzika tu.

Meneja alirudi akiwa ameziba pua na mdomo kwa tai. Macho yalikuwa yanamtoka machozi. Alikohoa mpaka akainama.

Pua alikuwa amekaa ukingoni mwa shimo, amelowa petroli kuanzia kidevuni mpaka tumboni, anapumua taratibu. Kwake yale yalikuwa maji ya baridi, basi.

Meneja akamtazama. Akaitazama ovaroli. Akamtazama tena usoni, na polepole tai ikashuka kutoka mdomoni mwake.

"Shemeji," akasema. "Husikii harufu?"

Pua akaitazama klipu.

"Nakuuliza. Hii hapa. Mimi nataka kutapika. Wewe husikii?"

Kuna watu wangeweza kupata uongo mwingine hata hapo. Pua mwenyewe aliutafuta, akaukosa.

"Sisikii," akasema. "Sijasikia harufu ya kitu chochote kwa miezi minane."

"Lakini Jumatano..."

"Jumatano nilidanganya."

Nadhani mwanaume mwingine angempiga kofi, na nisingemwandika vibaya kwa hilo. Huyu aligeuka tu, akautazama ukuta wa nyuma ya kituo, ule ukuta wa matofali ambao upande wake wa pili mkewe alikuwa anafua.

"Bomba la tatu linakwenda pampu gani?" akauliza kwa sauti kavu.

"Namba nne."

"Ile ya ukutani."

"Ile ya ukutani." Pua alikuwa tayari anafungua zipu ya ovaroli. "La ndani limetoboka, sijui lini. Likajaza la nje. Huku limekuta soksi imefungwa, kule kwenye pampu pia pamezibwa. Kila mtu aliyejaza gari lake alikuwa anasukuma zaidi. Bomba la nje kazi yake ni kudaka na kupitisha tu, shemeji, halijaumbwa kusukumwa kila siku. Limechoka mahali. Limepasuka."

"Wapi?"

"Kama duka linanuka, unaniuliza wapi?"

Walikimbia. Pua alikuwa ameitupa ovaroli na kubaki na fulana na suruali ya michezo, na mhudumu wa pampu, bila kuambiwa, akammwagia ndoo mbili za maji mwilini alipopita. Mkononi alikuwa na kopo lake la chakula. Alifungua kifuniko akikimbia na kutoa kifaa cha kupima gesi mbele ya macho ya shemeji yake. Ile haya ya Jumatano ilimchoma upya, maana kumbe kilitoka koponi kwa sekunde moja tu.

Kifaa kilianza kuhesabu kabla hawajafika mlangoni. Tano. Tisa. Kumi na nne. Ikifika mia, hewa yenyewe iko tayari kuwaka, inangoja cheche tu.

Mlango wa nyuma wa duka ulikuwa umeegeshwa. Pua akausukuma kwa bega.

Dobi alikuwa ameketi kwenye kigoda anakunja shuka, taratibu mno, kona kwa kona, kama anayekunja akiwa usingizini. Miguu ilikuwa imemvimba, uso umepauka. Nyuma yake mashine kubwa ya kufulia ilikuwa inazunguka, povu likipanda na kushuka kwenye kioo. Hakuwa na habari ya hili wala lile.

"Dada! Mbona umelowa hivyo?" Akatabasamu. "Afadhali umekuja. Ile harufu imekwisha, unajua? Tangu jana siisikii kabisa. Kichwa tu ndicho kinaniuma."

Imekwisha! Pua alijua maana yake. Pua ya binadamu ikikaa na petroli muda mrefu inachoka, inaacha kupiga kelele. Humo ndani sasa walikuwa ndugu wawili, wote hawanusi.

Alipita karibu na tundu la sakafuni, lile la kutolea maji machafu, na kifaa kikapiga yowe. Sitini na mbili. Sitini na nane.

"Hiyo nini inayolia?" Dobi akashtuka. Akaweka shuka, na kama mwenye duka yeyote makini anayetaka kuondoka, akanyoosha mkono kwenye swichi ili azime mashine.

"USIGUSE!"

Mkono wa Dobi uliganda hewani, kidole kikiwa nusu shubiri na swichi.

"Usizime kitu. Usiwashe kitu. Rudisha mkono, taratibu. Petroli iko chini ya sakafu yako, inapanda kwenye tundu. Cheche moja, tumekwisha."

Dobi aliurudisha mkono kifuani kama uliokuwa umeungua. Akaitazama mashine.

"Dada," akanong'ona. "Inamaliza kusuuza."

"Ikimaliza inafanya nini?"

"Inatoa maji. Halafu inapiga tak, inaanza kukamua."

Ile tak ilikuwa ni swichi inayojibadilisha ndani ya mashine. Na swichi ikijibadilisha, hutoa cheche ndogo isiyozidi punje ya mchele. Hiyo ingetosha.

"Muda gani?"

"Dakika mbili. Labda chini."

"Shemeji!" Pua alipaza sauti bila kugeuka. "Swichi kuu iko wapi?"

"Mbele, nje, ukutani!"

"Kata!"

Meneja alikuwa ameshaondoka. Walisikia viatu vyake vikizunguka kona ya jengo, kisha funguo zikigongana, kisha tusi ambalo gazeti hili halichapishi. Kisanduku cha umeme kilikuwa na kufuli, na rundo lake la funguo lilikuwa na funguo kumi na saba.

Pua akamshika mdogo wake kwapani. "Simama."

"Siwezi. Miguu imekufa ganzi tangu asubuhi."

"Basi nishike shingo."

Mjamzito wa miezi saba si mzigo wa fundi wa miaka arobaini na minne. Lakini kuna mizigo haiulizi umri. Alimnyanyua mara moja, wakayumba, akamgonga mgongo kwenye meza ya kupigia pasi. Dobi akalia kwa maumivu. Kutoka pale mpaka mlangoni zilikuwa hatua kumi.

Hatua ya tatu, mashine ikaacha kuzunguka.

Maji yakaanza kutoka, yakigugumia kwenye bomba, yakielekea kwenye tundu lile lile. Kwenye sakafu, kifaa kilichomponyoka Pua kilikuwa kinapiga yowe mfululizo. Hakukitazama tena. Nambari yoyote ambayo kingeonyesha haikuwa na msaada.

Hatua ya sita. Ya saba. Kidevu cha Dobi kilikuwa kinamchoma begani, na alisikia mdogo wake akimwita mama yao, mama aliyekufa, kama alivyomwita utotoni akiota ndoto mbaya.

Maji yakaisha. Bomba likanyonya hewa, likanyamaza.

Pua alijua kwamba tak ni sasa. Akafumba macho, akauweka mwili wake kati ya mashine na mdogo wake, akaendelea kutembea.

Taa ya darini ikazimika.

Tak haikuja. Hatua ya nane, ya tisa, ya kumi, mlango, jua kali usoni, na Meneja akitokea konani na funguo mkononi, akilia kwa sauti bila kujificha. Alimchukua mkewe miguuni, Pua akambeba mabegani, wakavuka naye barabara mpaka kwenye baraza ya duka la vioo lililokuwa limefungwa.

Meneja hakuthubutu kutoa simu mpaka walipofika huko. Aliwapigia zimamoto. Akampigia mkaguzi wa vituo, ambaye nambari yake ilikuwa imebandikwa ofisini miaka yote bila kupigwa. Wote wawili aliwaambia maneno yale yale: bomba la tatu, soksi haikushushwa, mafuta yameingia kwenye mfereji wa maji machafu. Hakumtaja aliyeisahau. Alipomaliza, akarudi kuwasaidia kuwaondoa watu wa maduka ya jirani, na alipompita Pua hakumtazama.

Ndugu wawili wakabaki barazani. Dobi amejinyoosha, kichwa chake kwenye paja la dada yake. Hewa safi ilikuwa inamrudishia akili taratibu, na akili ilipomrudia, ikaja na swali.

"Dada. Jumatano ulisema hakuna."

"Nilisema."

"Ulinusa mara tatu. Nilikuona."

"Sinusi kitu, mdogo wangu. Homa ile iliondoka na kila kitu. Niliona aibu. Nikaogopa wataacha kuniita kazini. Na ile soksi niliiacha mimi. Siku ya mama. Nilikimbia, nikaiacha."

Dobi hakupiga kelele wala hakulia. Aliuondoa mkono wake uliokuwa umeshikwa na dada yake, akauweka tumboni. Pua angependa atukanwe. Angependa sana. Ule mkono kuondoka bila neno ulimuuma kuliko tusi lolote ambalo lingetoka.

"Nilikuwa nimeshafunga mkoba," Dobi akasema baadaye, akitazama angani. "Jumatano. Nilitaka nikapumzike kwa wifi yangu mpaka nijifungue, kwa ajili ya ile harufu. Ukaniambia nirudi kazini. Nikafungua mkoba."

"Nisamehe."

"Sikulaumu kwa ya mama. Hata mimi ningekimbia." Mkono wake ulikuwa unazunguka tumboni, unabonyeza hapa, unasubiri, unabonyeza pale. Pua alianza kuutazama ule mkono. Alikuwa ameuona tangu walipofika barazani, akadhani ni mazoea tu ya wajawazito.

"Unatafuta nini?" akauliza.

Macho ya Dobi yalijaa, machozi yakamtoka kwa pembeni, yakaingia masikioni.

"Nilifikiri ni uchovu," akasema. "Nilifikiri na yeye amechoka, kama mimi."

"Mdogo wangu. Tangu lini hachezi?"

"Lile teke alilokupiga wewe," Dobi akasema. "Lile ndilo la mwisho."

Pua aliweka kiganja chake pale pale alipokuwa amekiweka Jumatano. Miaka ishirini alikuwa ameketi mbele ya sindano akiomba isisogee. Sasa alikaa kimya, akaanza kuhesabu, akiomba kitu kimoja tu kisogee. Kwa mbali gari la zimamoto lilianza kusikika. Alihesabu mpaka sitini, akaanza upya, na chini ya kiganja chake hakikusogea kitu.